Kibao cha leza penye gesi, mafuta na vumbi

Watu wengi wa Arusha wanaijua kazi ya leza kwa vikombe vya mashindano, namba za vyumba vya hoteli na nembo za milango ya magari ya watalii. Ndiyo kazi inayolipa pango, sina ugomvi nayo. Lakini kuna oda nyingine zinazokuja kimyakimya, mara nyingi kupitia fundi umeme aliyekabidhiwa orodha na mhandisi wake: namba za valvu za bohari ya gesi, majina ya swichi za kituo cha mafuta, vibao vya mota za kinu cha unga, onyo la mlango wa chumba cha betri kwenye loji huko porini. Faida yake ndogo, maswali yake mengi. Na swali linaloongoza ni hili: "Dada, unayo ile plastiki ya antistatiki?"

Ninayo. Ni ile iliyotengenezwa isikusanye umeme tuli, yaani chaji inayobaki juu ya kitu kikisuguliwa na kuruka kama cheche. Ila mara nyingi anayeiulizia haihitaji, na anayeihitaji kweli hatalindwa na jina lililopigwa chapa mgongoni mwa shiti.

Tuanze na cheche yenyewe. Januari na Februari, kabla masika hayajaingia, hewa ya mchana hapa kwetu inakauka mpaka midomo inapasuka. Unavua sweta la nailoni, nywele zinasimama. Unashuka kwenye gari, ukigusa mlango unapigwa kidole. Cheche ambayo mtu anaanza kuihisi ina nishati ya karibu milijuli 1. Sasa linganisha: mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kipimo chake unashika moto kwa milijuli 0.2 hivi. Gesi ya kupikia inataka karibu 0.25. Haidrojeni inayotoka kwenye betri za maji zikichajiwa inataka karibu 0.02 tu. Kwa hiyo fundi anayekuambia "mbona sijapigwa shoti yoyote" hajathibitisha chochote. Vumbi la unga wa ngano na la sukari ni gumu zaidi kuwaka, linataka makumi ya milijuli, ndiyo maana kibao cha kinu hakipewi ushauri uleule wa kibao cha pampu ya mafuta.

Plastiki za kawaida tunazochonga, yaani ABS ya tabaka mbili, akriliki na polikaboneti, hazipitishi umeme. Ukiisugua plastiki ya namna hiyo, chaji inakwama palepale iliposuguliwa. Ukisogeza kidole au bisibisi, inayoruka ni chaji ya sehemu ndogo iliyo karibu, iliyobaki haiwezi kukimbilia pale. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa IEC 60079-0, kinachosimamia vifaa vya umeme vya sehemu zenye hatari ya mlipuko, kinaanza kwa kuuliza ukubwa wa uso wa plastiki. Kwenye Zoni 1 na Zoni 2, ambako gesi hutokea mara mojamoja au kwa nadra, plastiki ya kawaida inaruhusiwa hadi sentimita za mraba 100 kama gesi ni ya kundi IIA au IIB (makundi yanapanda kadiri gesi ilivyo nyepesi kulipuka, hadi IIC). Propani ya gesi ya kupikia na mvuke wa petroli wako IIA. Kwa kundi IIC, yaani haidrojeni na asetilini, kikomo kinashuka hadi 20. Zoni 0, mfano ndani ya tangi ambako mchanganyiko wa hatari upo muda wote, kikomo ni 50 kwa IIA, 25 kwa IIB na 4 tu kwa IIC.

Ukitaka kuziona namba hizo kwa macho, toa kitambulisho chako cha NIDA. Uso wake ni kama sentimita za mraba 46. Vitambulisho viwili ukivipanga ubavu kwa ubavu bado hujafika 100.

Chukua kibao cha valvu cha sentimita 8 kwa 3. Hicho ni 24. Kwenye bohari ya gesi ya kupikia, kwa upande wa umeme tuli, plastiki ya kawaida inapita bila kesi. Kibao hichohicho ukikipeleka kwenye chumba cha betri, kama mhandisi amekitangaza kuwa zoni ya haidrojeni, kimezidi. Kikate kiwe 6 kwa 3, kinarudi ndani ya mstari. Hapo umemaliza tatizo kwa kupunguza sentimita mbili, bila kuagiza shiti la bei mbaya. Na kama plastiki imezungukwa na fremu ya chuma iliyofungwa erthi, kiwango kinaruhusu eneo mara nne ya hapo.

Kuna na njia ya unene. Tabaka jembamba la plastiki lililolala moja kwa moja juu ya chuma chenye erthi halitoi cheche ya nguvu, kwa sababu chuma cha nyuma yake kinaituliza chaji. Kikomo ni milimita 2 kwa IIA na IIB, na milimita 0.2 kwa IIC. Shiti zetu nyingi za kuchonga ni za milimita 1.6 kushuka. Basi unaona mwenyewe: kwenye petroli na gesi ya mtungi, kibao cha kawaida kilichokaa vizuri juu ya boksi la chuma kina njia mbili halali za kupita kabla hata hatujaitaja antistatiki.

Inahitajika lini, basi? Pale mteja anapotaka bango kubwa. Maelekezo ya dharura ya ukubwa wa A4 ni zaidi ya sentimita za mraba 620, na akitaka yakae ndani kabisa ya Zoni 1 kwenye ukuta wa zege, plastiki ya kawaida imekataliwa. Swali langu la kwanza kwake huwa si la plastiki. Namuuliza kwa nini bango lisikae getini, nje ya zoni, ambako mtu atalisoma kabla ya kuingia. Wengi wanacheka, wanasema kweli bwana, na oda inabadilika.

Kwa aliyebaki na hitaji, kuna aina mbili za hiyo antistatiki, na muuzaji wa Kariakoo hatakutenganishia. Ya kwanza imewekewa dawa inayopanda juu ya uso na kufyonza unyevu wa hewani. Ule utando wa unyevu ndio unaopitisha chaji. Hewa ikikauka inachoka. Ukiiosha mara kwa mara inaisha. Ya pili imechanganywa tangu kiwandani na kaboni au polima inayopitisha umeme, na hiyo haitegemei sana hewa. Kiwango kinapima hivi: ukinzani wa uso, yaani jinsi uso unavyoizuia chaji kupita, usizidi omu bilioni 1, yaani gigaomu moja, ukipimwa kwenye unyevu wa asilimia 50, au usizidi gigaomu 100 ukipimwa kwenye asilimia 30. Cheti kikikutajia omu bila kukutajia unyevu, muulize aliyekileta. Shiti iliyopimwa kwenye mji wa pwani wenye joto na unyevu inaweza kuonyesha namba ya kupendeza, halafu ikaja kuning'inia kwenye upepo mkavu wa Kisongo mwezi wa pili ikawa plastiki kama plastiki nyingine.

Sasa njoo kwenye leza yenyewe, maana hapa ndipo sisi wachongaji tunapoweza kuharibu kitu kilichonunuliwa kizima. Shiti ya tabaka mbili ina uso mwembamba wa rangi moja juu na kiini cha rangi nyingine chini. Leza ya CO2, yenye mwanga wa mikromita 10.6, inakula ule uso hadi kiini kionekane. Kama sifa ya kupitisha chaji iko kwenye uso peke yake, kila herufi uliyochonga ni sehemu uliyoivua kinga. Herufi nyembamba hazina neno. Tatizo ni wateja wanaopenda maandishi yaliyoinuka: ili herufi zibaki juu, leza inafuta mandhari yote, na kwa dakika chache mtu amelipia antistatiki na kupewa kiini kitupu. Mteja akitaka maandishi yaliyoinuka kwa kazi ya namna hii, namkatalia. Shiti zenye kaboni hazina udhaifu huo kwa kuwa ni zilezile juu hadi chini, ila nyingi ni nyeusi, na ukizichonga unapata kijivu juu ya nyeusi. Fundi mwenye tochi mdomoni saa nane usiku hawezi kuisoma. Kibao kisichosomeka nacho ni hatari, na sioni kwa nini hatari hiyo ihesabiwe ndogo kuliko ya cheche.

Nikiwa hapohapo: asikuletee mtu PVC umchongee kwa leza, iwe ya antistatiki au ya namna gani. Inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inakula mapafu yako kisha inakula reli na vioo vya mashine.

Kupima si siri ya maabara peke yake. Kipimo rasmi kinatumia mistari miwili ya rangi inayopitisha umeme, kila mmoja urefu wa milimita 100, ikiwa imeachana milimita 10, kisha volti 500 kwa dakika moja na kidogo. Karakana haiwezi kutoa cheti, lakini mega ya fundi umeme, kile kipimo chake cha ukinzani, ina hizo volti 500. Napaka mistari hiyo kwenye kipande kilichokwisha kuchongwa, kwa sababu kikishachongwa ni kitu kingine, kisha nasoma. Mega ikigota juu kabisa ya kipimo chake, sipeleki. Ikisoma chini ya gigaomu, nampa mteja kipande na picha ya sindano, naye anampelekea mhandisi wake, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho.

Baada ya hayo yote kuna wateja wanaosema: achana na plastiki, tuwekee chuma, yaishe. Nami ni mtu wa chuma. Nikiachiwa nichague mwenyewe, nakata stenlesi ya milimita moja, natoboa matundu mawili, naiandika kwa leza ya faiba. Mwanga wake ni wa nanomita 1,064 na chuma kinaupokea, tofauti na leza ya CO2 ambayo kwenye chuma kitupu inarudi nyuma bila kuacha alama, mpaka upake dawa maalumu. Ukiipunguza kasi na kuitoa kidogo kwenye fokasi, haichimbi. Inapasha uso hadi utando wa oksaidi unageuka mweusi wenye kivuli cha buluu. Pitisha kucha juu yake, huhisi kitu. Unga hauna pa kujificha, kitambaa kinapita mara moja. Penye asidi au chumvi nachimba badala ya kupasha, kwa sababu alama ya kupashwa inaweza kuanza kutu. Aluminiamu yenye anodaizi, yaani utando mgumu wa oksaidi uliotiwa rangi, nayo ni nzuri, rangi yake inang'oka kwa leza ya CO2 na ule utando wa juu ni wa mikromita chache tu, mbali sana na milimita 0.2. Tahadhari yake ni kwamba aluminiamu ikigongwa kwa nguvu na chuma chenye kutu inaweza kutoa cheche za moto mkali, kwa hiyo siiweki pale inapoweza kupigwa na spana au mtungi unaobingirishwa.

Lakini chuma nacho kina mtego wake, na nadhani ndio mkubwa kuliko wote.

Bohari moja jipya, mabomba bado hayajaingizwa gesi, niliitwa kuongeza vibao vilivyopungua. Vya mwanzo vilikuwa vimewekwa na mtu mwingine: vya stenlesi, vimenyooka, maandishi safi. Nikagonga kimoja kwa ukucha. Sauti ilikuwa butu.

"Mzee, hivi mmevifungaje?"

"Tepu ya pande mbili, ile ya sponji. Hatukutaka kutoboa boksi, maji yataingia."

"Na erthi?"

"Ah, mama, si chuma juu ya chuma hicho?"

Kuhusu kutoboa alisema kweli kabisa: boksi la namna hiyo halitobolewi ovyo, ukilitoboa umeua cheti chake. Ila si chuma juu ya chuma. Kati yake kuna milimita moja ya sponji na rangi ya boksi. Tuliweka waya mmoja wa mega kwenye kibao na mwingine kwenye boliti ya erthi, sindano ikakimbilia mwisho. Kibao kilikuwa kinaelea.

Tofauti na plastiki, chuma kinachoelea hakitoi chaji ya kipande kidogo. Chaji yote iliyomo inakimbilia mahali pamoja na kuruka kwa mpigo. Tukokotoe: kibao cha sentimita 10 kwa 5, sponji ya milimita moja nyuma, unapata kapasita, yaani kihifadhi cha chaji, ya pikofaradi 80 hivi. Ikichajiwa hadi volti 5,000, na mtu anayesugua kwa kitambaa kikavu cha poliesta anaweza kufika huko, nishati ni nusu ya kapasitansi mara volti mara volti, yaani milijuli 1. Hiyo ni mara nne ya inachohitaji gesi ya mtungi. Kibao cha plastiki cha ukubwa uleule, sentimita za mraba 50, kingekuwa ndani ya kikomo. Kwa maneno mengine, yule aliyekataa plastiki kwa ajili ya usalama akabandika chuma kwa sponji alijiweka pabaya zaidi ya alipokuwa.

Dawa yake si ngumu. Penye bati, bomba au fremu ya kutobolewa, funga kwa skrubu au riveti za chuma, na kwangua rangi chini ya mojawapo hadi chuma king'ae. Penye bomba lisilotobolewa, funga kwa mkanda wa stenlesi unaolikumbatia bomba. Penye boksi lenye cheti, tumia matundu na boliti alizoacha mtengenezaji, au rudi kwenye plastiki ndogo na gundi nyembamba. Kisha pima kibao hadi erthi. Pale bohari tulivibandua vyote kabla gesi haijaingia, na kwa vibao vya plastiki ningesisitiza hivyohivyo: kazi ya kubandua karatasi ya nyuma ya gundi ifanyike wakati hakuna gesi hewani, maana kule kubandua kwenyewe kunazalisha chaji.

Vinu vya unga vina hadithi yao, na Arusha tunayo mitaa iliyokua na kinu: Unga Limited imebeba jina hilo mpaka leo. Kwamba unga unalipuka si uvumi. Mwaka 1878 kinu cha Washburn cha Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18. Mwaka 2008 vumbi la sukari liliua watu 14 kwenye kiwanda cha Port Wentworth, Georgia; nalitaja kwa ajili ya ndugu zangu wa Moshi wanaoishi jirani na sukari ya Arusha Chini. Milipuko yote miwili haihusishwi na kibao wala na umeme tuli. Na kwa kweli cheche inayotoka kwenye kipande cha plastiki, ya milijuli chache, haijulikani kuwasha vumbi tupu lisilo na gesi au mvuke wa kimiminika ndani yake. Kwa hiyo mwenye kinu anayetaka kutumia fedha kwenye plastiki ya antistatiki kwa ajili ya majina ya swichi, namshauri azipeleke kwenye ufagizi na kwenye kufunga erthi mabomba ya kusafirishia unga. Ninachokataa kwake ni mambo mawili: bango kubwa la chuma linaloelea, na kibao chochote cha plastiki kubandikwa ndani ya bomba au mdomo ambamo unga unapita kwa kasi. Humo ndani, plastiki nyembamba juu ya chuma inachajiwa mfululizo kama kapasita, na ikipasuka inaweza kutoa juli nzima, si milijuli.

Halafu kuna usafi. Vibao vingi vinachajiwa na anayevifuta. Kwenye vifaa vyenye cheti utaona herufi X mwishoni mwa namba ya cheti. Maana yake kuna masharti maalumu ya matumizi, na mara nyingi moja ya masharti hayo ni kufuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Hilo huliandika mtengenezaji kwa Kiingereza, kwa herufi za kuhurumia macho. Mimi naongeza mstari wa Kiswahili chini ya kibao bila kulipisha: FUTA KWA KITAMBAA CHENYE MAJI. Anayefuta ndiye anayepaswa kuelewa.

Na kuna oda moja ambayo siipokei kwa bei yoyote. Mtu anakuja na picha kwenye simu: bati la mota yenye cheti cha sehemu za mlipuko, limeng'oka au limefutika, anataka nimchongee jingine "lifanane". Leza ya faiba inaweza kulitoa ndani ya dakika kumi na usijue lipi la kiwandani. Lakini bati lile ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kilichomo ndani bado ni kile alichokipima. Mota ikishafunguliwa na kusukwa upya mtaani, siwezi kujua kama mianya yake, ile inayozuia moto wa ndani usitoke nje, imebaki ilivyokuwa. Karakana yenye sifa ya kukarabati vifaa hivyo kwa kiwango cha IEC 60079-19 inaweka bati lake lenyewe lenye herufi R, na kwa jina lake. Namwelekeza huko. Wengine wananuna, na najua wapo wanaovuka barabara wakachongewa kwingine jioni hiyohiyo.